Gimleti ya Mzee Emukule

"Sio hii," mzee Emukule akasema, na glasi ikarudishwa kaunta kwa mara ya sita.

Asekenye aliitazama glasi ile kama mbuzi aliyefukuzwa shambani akarudi tena. Siku sita! Kila siku saa kumi jioni mzee anafika na suti yake ya kijivu, miaka themanini na kitu, mgongo umenyooka. Anapanda kiti cha kaunta, anaagiza gimleti, anaonja mara moja, anakataa. Analipa bila neno, lakini anakataa. Sasa mtu kama huyo utamfanyia nini?

Na ujue, Malaba nzima, tangu forodhani hadi mwisho wa foleni ya malori, hakuna mwingine anayechanganya kokteli. Wengine wanafungua chupa tu. Asekenye alijifunza kazi hiyo Kisumu miaka mitatu, akarudi nyumbani na kopo lake la kutikisia na ubishi wake. Akina mama wa kanisani walimsema. Wajomba nao wakamsema. Aliwajibu wote jibu moja: kazi ni kazi.

Gimleti yenyewe aliijua vizuri. Ukimpa nafasi atakusimulia habari za mabaharia wa Kiingereza waliotokwa damu kwenye fizi kwa kiseyeye, wakaamriwa wanywe maji ya ndimu, na maofisa wao, watu wasiopenda dawa kavukavu, wakaichanganya ndimu hiyo na jin. Hivyo dawa ikageuka starehe. Jin, sharubati ya ndimu, barafu, basi. Kitu chepesi namna hiyo mtu anakikosea vipi?

Shida ni kwamba mzee naye aliijua. "Glasi ipoe kwanza," alimwambia siku ya kwanza. Siku ya pili aliiinua glasi kwenye mwanga, akaona alama ya kidole, akatoa leso na kuifuta mwenyewe, safi kuliko mhudumu yeyote wa baa hiyo. Alijua ndimu inakatwa vipi na barafu inatiwa ngapi.

"Uliinywa wapi, mzee?" Asekenye alimuuliza.

"Tororo, hapo ng'ambo ya mpaka. Klabu ya wazungu. Mwaka wa sitini na moja, kabla hawajafunga virago." Akaikunja leso yake. "Tangu hapo sijaipata. Nataka niipate mara moja tu kabla sijafa."

Mulama, mwenye baa, aliposikia hayo nusura apige saluti. "Huyu amekunywa na magavana!" alimnong'oneza Asekenye kando ya jokofu. "Ulimi wake umesoma. Sasa sikiza. Kesho akikataa tena, unarudisha aproni. Nina binamu yangu Eldoret, hii kazi anaiweza."

Asekenye hakulia ng'o. Alikwenda nyumbani na hasira zake, akalala nazo, akaamka nazo. Kazi aliyoipigania miaka mitatu inyang'anywe na ulimi wa mzee mmoja? Haiwezekani.

Siku ya saba alikamua ndimu mwenyewe, akapima jin kwa jicho kali, akatikisa mpaka kopo likamuuma vidole kwa baridi. Alimimina polepole juu ya barafu mpya, akamsogezea mzee.

Mzee akaonja. Akakaa nayo mdomoni.

"Ni nzuri," akasema kwa huzuni. "Ni nzuri sana, mama. Lakini sio hii."

Mulama akanyoosha mkono. "Aproni."

"Sitoi."

"Umesema?"

"Nimesema sitoi, bosi! Onja kwanza. Ikiwa mbaya natoka hapa na miguu yangu, hutanisukuma. Ikiwa nzuri, mimi siendi popote. Na hii glasi siiondoi hapa. Itakaa hapa hapa mpaka mtu aniambie ina makosa gani!"

Madereva wawili waliokuwa wakisubiri karatasi zao waligeuza viti. Mulama, kwa kuwa watu walikuwa wanamwangalia, akaichukua glasi. Alitaka kuonja tone tu. Akaonja tena. Ya tatu haikuwa kuonja, ilikuwa kunywa. Alipoiweka chini ilikuwa imebaki barafu, kipande cha ndimu na kinywaji kidogo chini kabisa.

"Si mbaya," alikiri kwa shida. Simu yake ikaita, naye akashukuru Mungu akaenda kuipokea mlangoni. Aproni ikabaki kiunoni mwa mwenyewe.

Hakuna aliyeigusa glasi ile. Asekenye alikuwa ameapa, na akiapa ameapa. Alihudumia madereva, akafuta kaunta kushoto na kulia kwake, akaipita. Joto la Malaba unalijua. Barafu iliyeyuka yote, rangi ikapauka, ndimu ikalala chini. Mzee Emukule hakuondoka kama siku zingine. Alikaa akiikazia macho, kisha mkono wake ukaenda taratibu, akaivuta.

"Haki mzee, wacha!" Asekenye alishtuka. "Hayo ni mabaki ya bosi, na yamekuwa maji. Nitakutengenezea ingine sasa hivi."

Mzee hakumsikia. Alikunywa yote, mpaka tone la mwisho, macho yamefungwa. Alipoyafungua yalikuwa na machozi, lakini mabega aliyanyoosha, na akasema kwa sauti iliyomfikia Mulama kule mlangoni.

"Hii ndiyo, mama. Ndivyo glasi za wazungu zilivyokuwa zikirudi kwetu jikoni."