Siku Tatu Hemani kwa Mzee

Mbuzi alimpiga Rula teke la pili, na Rula akasema asante.

Alisema kwa sauti, makusudi, ili mzee aliyekaa kando ya moto asikie. Tangu alfajiri alikuwa ameshateka maji, amefagia hema na kuchanja kuni, na zile kucha alizozipaka rangi Amman zilibaki nne.

"Mama Sabuni, unamkamua au unamkaba?" aliuliza mwenzake Ghaith, aliyekuwa akisugua sufuria kwa mchanga. Naye alikuwa amekaa palepale ambapo mzee angemwona vizuri.

Kampuni iliyowaleta katika jangwa la Wadi Rum iliwaeleza mambo wazi. Wafanyabiashara watano, siku tatu, bila simu. Watembee kwa kufuata ramani ya karatasi hadi kwenye hema jeusi nyuma ya mwamba uliopasuka. Huko yuko Marwan Qattash, tajiri mwekezaji asiyepigwa picha, amejichanganya na wenyeji. Atawatazama kimyakimya, na mwisho atamchagua mmoja wa kumwinua. Atakayemuuliza jina lake ameondolewa.

Rula hakuja kutalii. Kiwanda chake cha sabuni ya mafuta ya zeituni, kule Madaba, kilibakiza mwezi mmoja tu, na wanawake kumi na mmoja wanaokoroga masufuria yake walimsindikiza kwa dua. Akirudi mikono mitupu, kazi yao imekwisha. Basi mbuzi apige tu.

Juzi walifika hoi. Ramani ilionyesha mwamba mmoja uliopasuka, wao wakakuta miwili. Ghaith akasema kiongozi hasitasiti, akawapeleka kulia. Jua liliwakaanga mpaka wakaliona hema jeusi, na Rula akaingia akipepesuka, akaikumbatia nguzo ya hema kwa mikono miwili asije akaanguka.

"Ami, tumekuja kwako," alisema huku akitweta.

Mzee aliitazama ile mikono kwenye nguzo. Kisha akawatazama wote watano, midomo imewapasuka kwa kiu.

"Umeishika," alisema. "Basi mko kwangu. Hakuna atakayewagusa."

Jioni ileile akachinja kondoo. Hakuwauliza hata majina.

"Huyo ana mafaili yetu yote," Rula alinong'ona. "Anajua mpaka harufu ya sabuni yangu."

"Umeona kandambili zake?" Ghaith akajibu. "Zimeungwa kwa waya! Tajiri wa kweli ndivyo alivyo, dada. Wenye njaa ndio huvaa vya kung'aa." Akavua viatu vyake vipya, akavificha chini ya mkeka.

Kila walipojaribu kumchokonoa, mzee aliwamiminia kahawa. "Mgeni haulizwi kitu mpaka siku tatu zipite," alisema. "Yeye ni kula na kulala." Jamani, hawa ni wajukuu wa Mabedui! Desturi hiyo waliisikia kwa bibi zao kabla hawajaota magego. Lakini mtu akishalipia safari, kila kitu kwake ni mtihani. Wakatazamana, wakatikisa vichwa kwa heshima, na mmoja wao akaandika kwenye daftari: *Subira ni mtaji.*

Na kazi je? Mzee aliwakataza kabisa. "Mgeni hasugui sufuria, wanangu, mnanitia aibu."

Ghaith akawakonyeza wenzake. Mtego huo! Wakazidi kusugua. Siku ya pili palitokea ugomvi kabisa juu ya nani atazoa mavi ya ngamia.

Siku hiyohiyo, adhuhuri, gari lilinguruma upande wa pili wa mwamba. Mzee aliishusha bunduki yake kuukuu iliyotundikwa, akatoka bila haraka. Walisikia watu wakibishana, kisha mlio mmoja wa risasi, kisha gari likiondoka mbio. Mzee akarudi, akaitundika bunduki mahali pake, akaketi kama kawaida.

"Kuna nini, ami?" Rula aliuliza.

"Hakuna kitu. Kuleni."

Wakampigia makofi. Ghaith alisema burudani kama ile hata hoteli za Aqaba hazinayo.

Asubuhi ya nne, baada ya kahawa, mzee alijikohoza, akawaita wote wakae. Rula hakungoja. Alichomoa kipande cha sabuni alichokuwa amekihifadhi kifuani tangu Madaba, akakiweka juu ya mkeka mbele ya mzee.

"Bwana Marwan," alisema, na sauti ikamtetemeka kweli, wala hakuigiza. "Hii wameitengeneza akina mama kumi na mmoja. Nimekamua mbuzi wako, nimebeba maji yako, sikukuuliza kitu. Naogopa kurudi kwao bila jibu. Sasa jitambulishe, nakuomba."

Mzee aligeuka kutazama nyuma yake, aone anayeambiwa ni nani. Alikuwapo mbuzi tu.

Akaichukua sabuni, akainusa, akaitikia kwa kichwa kwamba ni nzuri, akairudisha kwa adabu.

"Binti yangu, siku tatu zimetimia, sasa nina ruhusa ya kuuliza. Ulipoishika nguzo ya hema langu nilijua mnakimbia adui, na mimi mtu akishaishika nguzo yangu simtoi. Lakini niambieni ukweli. Huyo Marwan Qattash, aliyekuja juzi na gari jeupe akiwataja mmoja mmoja kwa majina, nikamtimua kwa risasi mpaka akaapa hatawatafuta tena maisha yake yote, mmemkosea nini?"