Magoti ya Mama Mkwe

Mama mkwe alikuwa amepiga magoti sebuleni, pale Kampemba, viganja chini, mgongo ameuinua kama paka aliyekasirika. Mwenyewe ndiye aliyemwomba Mwenya, mke wa mwanawe, amfundishe ile yoga iliyomtuliza Mwenya mgongo tangu ajifungue.

"Niinuke sasa?"

"Bado, mama. Vuta pumzi."

Mwenya alizitazama nyayo za mama mkwe, zimepasuka, zimejaa vumbi jekundu. Sakafu ni hii hii ya simenti. Hapa ndipo yeye, na mimba ya miezi minane, alipopiga magoti kumwandalia mama mkwe bukari, ule ugali wa kwao, kama desturi inavyotaka. Lakini desturi haikusema akae hivyo mpaka mama amalize kula na kulamba vidole. Alipolalamikia kiuno, alijibiwa, "Mimba haiko bugonjwa."

"Mwenya, mugongo iko inaniuma. Unisaidie nisimame."

Mwenya akanawa mikono. Akavuta kiti mbele yake, akaketi, akapakata sahani ya bukari, akamega tonge la kwanza, akalitafuna taratibu.

"Buzee haiko bugonjwa, mama," alisema. "Ngoja nimalize kula."