Mke Mwenza wa Matairi Manne

Sesilia alilimwagia gari maji ya vyombo, ukoko na yote, kisha akasimama mkono kiunoni akimngoja mumewe atoke.

Damiano alitoka mbio, hata kumtazama mkewe hakumtazama. Alichukua kitambaa laini, akaanza kufuta boneti polepole, akiokota punje za wali mojamoja.

"Mnaona?" Sesilia aliwaambia majirani waliokuwa wakichungulia. "Mimi nimelala na malaria wiki nzima, sikupanguswa hata jasho. Huyu mke mwenzangu wa matairi manne akimwagiwa maji kidogo, bwana anatoka roho mkononi!"

Majirani wakacheka. Kilosa nzima ilikuwa inacheka. Gari lenyewe lilikuwa Ford la mwaka thelathini na nne, jeusi, taa zimetokeza kama macho ya chura. Mgiriki mmoja mwenye shamba la mkonge kule Kimamba, shamba lilipotaifishwa, alirudi kwao akamwachia Damiano, aliyekuwa dereva wake. Tangu hapo, jamani, nyumba ile haikuonja amani. Vijana wa chama walimwita Damiano kupe. Balozi wa nyumba kumi alishakuja kuuliza ni mfanyakazi gani huyu wa kumiliki gari. Hayo yote Sesilia angeyameza. Kilichomuuma ni Jumamosi.

Kila Jumamosi Damiano aliondoka nalo alfajiri, akarudi jua limezama. Gari la kale lisipotembea linakufa, alisema, lazima linyooshwe miguu. Akirudi alikuwa mtu mwingine kabisa, anapiga mluzi, ugali hali, anapitiliza kulala.

"Basi na mimi ninyooshe miguu," Sesilia alimwambia siku moja. "Nipeleke hata Munisagara nikamwone mama."

"Hili la kutunzwa, mke wangu. Si la kubebea watu."

Mke wangu! Neno lenyewe alilitoa kwa taabu, kama anang'olewa jino.

Wanunuzi walikuja. Mfanyabiashara wa Morogoro alikuja, daktari mmoja kutoka Berega akaja mara mbili, maana magari ya namna ile yalishakuwa adimu, na wapo watu wanaoyatafuta wayaweke tu wayatazame. Damiano akawakataa wote. Huyu hajui kutunza, yule atalipaka rangi ya ajabu. Mwishowe Sesilia alifunga virago, akarudi kwa mama yake. Aliyekuja kusema na Damiano alikuwa mjomba wa Sesilia, mzee Melkizedek, na kwa watu wa milimani, kwao Sesilia, mjomba wa mke akishakaa kitako barazani kwako, hapo hakuna tena ubishi.

"Gari au mke," alisema mzee. "Chagua."

Damiano akainama. "Nitauza, mzee."

Sesilia alirudi, akatafuta mnunuzi yeye mwenyewe. Aliwaagiza madereva wa mabasi, nao wakatangaza mpaka Mikumi. Huko akapatikana Cleopa, mwenye nyumba ya wageni kando ya barabara kuu mpya. Alitaka kitu cha kuweka mbele ya mlango, ili watalii wanaokwenda mbugani wasimame wapige picha. Sesilia alipomtaja, Damiano hakutoa kasoro hata moja.

"Huyo sawa," alisema, akatoka nje. Sesilia akapiga magoti palepale akamshukuru Mungu.

Cleopa alikuja na mkewe, Ida, mwanamke mdogo, mpole, aliyepiga goti na kumwamkia Sesilia shikamoo kabla hata ya kukaribishwa kiti.

"Marahaba, mdogo wangu. Karibuni, karibuni."

Lakini Cleopa akaanza kusitasita. Gari zee, spea hakuna. "Na huyu mama watoto akikataa, ndugu zangu, mimi sinunui."

Wote wakamgeukia Ida. Ida akatazama chini. "Mambo ya magari mimi siyajui," alisema.

Sesilia aliona bahati inamponyoka. Akamshika Ida mkono, akamvuta mpaka jikoni, na huko akamlilia. Alimweleza yote, bila haya: zile Jumamosi, ule mluzi, kitanda kilivyopoa.

"Nateseka, mdogo wangu. Liondoke hili dude, mume wangu anirudie. Waume zetu wanatusikia tukisema nao vizuri. Nisaidie, nakuomba."

Ida naye machozi yakamtoka. "Nitasema naye, dada."

Na kweli akasema naye. Cleopa akalegea, ila akauliza fundi atampata wapi.

"Fundi si huyu?" Sesilia alidakia kabla mumewe hajafungua mdomo. "Atapanda basi aje aliangalie. Kila Jumamosi! Mradi jioni arudi kwangu."

Wakacheka, wakapeana mikono. Damiano alisema hawezi kuliona likiondoka, akaingia ndani. Sesilia hakumfuata. Leo mwache alie, kesho atakuwa wake peke yake.

Cleopa alikwenda mbele ya gari kuzungusha hendeli. Ida akafungua mlango wa abiria, akaketi. Kwa furaha aliyokuwa nayo, Sesilia alikimbia ndani akarudi na mto wake mwenyewe, ule wa kitambaa cha maua alioushona alipokuwa mchumba, akaupenyeza dirishani.

"Kalia huu, mdogo wangu. Damiano anasema hicho kiti hakikaliki, springi zimechomoza, zitakuchania gauni."

Injini ikanguruma. Ida aliurudisha ule mto taratibu, akauweka mikononi mwa Sesilia.

"Hazichomi, dada," alisema. "Alinibadilishia tangu mwaka juzi."