Gogo Kavu la Mwisho

Babu yake mzee huyu alikuwa mchonga ngoma kama yeye, na baba yake vilevile. Watu wa heshima, ambao ngoma zao hazikupasuka. Kila mmoja alimrithisha mwanawe magogo yaliyokaushwa katika banda ambalo serikali ililitunza miaka nenda, miaka rudi.

Sasa banda lilivuja, na gogo kavu lilibaki moja.

"Tunataka ngoma ya sherehe ya Ijumaa," alisema ofisa wa utamaduni. "Fedha za mwaka huu zipo."

"Na za kukaushia magogo mengine?" aliuliza mzee.

"Mwakani tutaona. Hili lililopo lichongwe sasa; ngoja ngoja huumiza matumbo, mzee."

"Mti haukauki kwa 'tutaona', bwana mkubwa! Hukauka kwa miaka kumi, na ukichongwa mbichi hupasuka."

"Babu, heri nusu shari," alisihi mjukuu wake, fundi aliyemfunza mwenyewe, wanafunzi wengine wakitazama. Alikwisha kuitegesha patasi juu ya gogo na kuinua nyundo.

Mzee akaweka kiganja chake mbele ya makali. Vidole vilivyopinda kwa kazi akavitandaza juu ya gogo.

"Piga. Lakini anza na mkono huu, maana ndio uliokufundisha."

Ofisa akacheka. "Mzee ana vituko!"

Mjukuu hakucheka. Nyundo ilibaki hewani.

"Nisikilizeni, vijana," mzee akanguruma. "Anayewalipa mchonge leo, akakataa kuwalipa mkaushie wajukuu wenu magogo, anawalipa mzike ngoma. Weka nyundo chini!"