Unga Mwekundu wa Hekaluni

Mkurugenzi alikuwa ameshanyanyua kielelezo cha chombo cha kwenda sayari ya Zuhura kutoka mezani, mbele ya Vanajakshi, mhandisi aliyekibuni.

Katika shirika lao la anga, mpango wa miaka kumi hupangwa kwa vielelezo vya mbao. Kinachobaki mezani kitarushwa. Kinachoingia sandukuni, wahandisi wake hutawanywa, na hakitajwi tena. Bajeti ya awamu hii ilitaka kimoja kiingie sandukuni.

"Jikaze, dada," alinong'ona mwenzake aliyeketi kando yake, mkuu wa mradi wa ndege isiyo na rubani. Ni yeye aliyempakia kwenye skuta jana, mvua ikinyesha, mpaka hekaluni, akabaki nje akimshikia viatu.

Mkurugenzi akasita. Akatazama kidole gumba chake. Kilikuwa chekundu kwa unga wa baraka.

"Hiki kimeshabarikiwa," akasema polepole. "Nani amekipeleka hekaluni? Huwa tunapeleka kinachosubiri kurushwa tu."

Vanajakshi akasimama.

"Ni mimi, bosi," Vanajakshi akasema. "Sikuwa na pengine pa kukipeleka."

"Umeniweka pabaya, mama. Kitu kimeshaombewa, mimi nakitiaje sandukuni?"

Akakirudisha mezani taratibu, akakigeuza kitazame mbele kama mwanzo.

Vanajakshi akashusha pumzi. Hakujua kama anataka kucheka au kulia.

Lakini sanduku lilikuwa bado wazi. Mkono wa Mkurugenzi, kidole kingali chekundu, ukasogea kando kidogo, ukaishika ndege isiyo na rubani.