Vigingi Katikati ya Maharage

Kigingi cha tatu kilipopigwa katikati ya maharage, Emerance aliweka jembe chini.

Mwanawe alikuwa amepanda kutoka mjini Kamembe na nyundo, kuja kujipimia umunani, lile fungu la shamba ambalo mzazi humpa mtoto angali hai. Viatu vyake vilimeta kama vya bwana harusi aliyepotea njia.

"Maman, nyinyi mulijenga mukiwa vijana. Miye nimeota mvi, kila mwezi nalipia chumba. Unipe, niuzishe, nipate parseli ya kujenga Kamembe."

"Na miye nikichoka kulima?"

"Tutakutunza."

"Mu chumba gani? Kile unalipia?"

Mwana akatazama viatu vyake.

"Bantu ba kazi ya biro beko na pensheni," mama akasema, akionyesha shamba. "Yangu ni hii, inaota majani."

Akashika kigingi kwa mikono miwili, akakitikisa kama jino bovu mpaka kikang'oka na udongo wake. Akakichomeka upya, kando ya mharagwe uliokuwa ukitambaa chini kwa kukosa mti, akauviringisha mche juu yake taratibu.

"Umechonga vizuri, papa," akamwambia mwanawe. "Lete na kile kirefu."