Zamu Yetu ya Kuuguza Ngano

Kila mwaka nyumba moja kijijini huipaka ngano yake kutu, ule ukungu unaokausha majani. Ngano ikiushinda hutoa harufu, na mashamba mengine yakiinusa hujikaza mapema, kabla kutu haijayafikia. Ikishindwa, huchomwa yote. Mwaka huu zamu ni yetu, mimi na mume wangu Ambokile, na mtoto bado ananyonya.

Leo asubuhi majani yalikuwa na madoa ya kahawia. Wifi yangu Tusekile, ambaye shamba lake limepakana na letu, akashika kichwa.

"Ndiyo basi! Niite watu walete moto?"

"Subiri kwanza, wifi."

"Nisubiri nini? Ngano ikuamkie?"

Nikavua kitambaa changu cheupe kichwani, nikasugua jani. Kutu ikikomaa huacha unga wa rangi ya manjano. Kitambaa kilitoka safi.

"Jani limejiua lenyewe pale ukungu ulipoingia," nikamwambia. "Nao umekosa cha kula."

Akasugua na yeye, kwa kiganja, akakitazama. Kisha akanyoosha mikono. "Haya, lete mtoto kwa shangazi yake. Nenda kapike, umekonda kwa mawazo."

Mchana harufu ilishuka bondeni, kali kama ya majani mabichi yaliyopondwa.

"Kwa hiyo tutakula ngano yetu?" Ambokile aliniuliza.

"Tutakula."

Alipokwenda kuwaambia majirani, nikarudi shambani peke yangu. Kulikuwa na doa moja pana kuliko mengine. Nikalisugua tena na tena. Lilikuwa safi, ila kutu nayo hujifunza.